Mbwa Anayewaogopa Wageni



Katika mji mmoja hapa Nyamwaga, wilayani Tarime, yupo mbwa ambaye watoto humlalia mgongoni, na vifaranga hudonoa punje mbele ya pua yake bila wasiwasi. Jioni moja alifika pale kijana anayefanya kazi mgodini Nyamongo. Alitumwa na mwana wa mji ule alete ada ya shule ya mdogo wake. Alikuwa ametoka kazini moja kwa moja, kofia ngumu kichwani, buti nzito miguuni, na kizibao chenye mistari inayomeremeta kila taa inapokipiga. Mbwa alimwendea mbio, manyoya ya shingo yamesimama. Mama mwenye mji akapaza sauti, "Usikimbie, mura! Simama hapo hapo!" Kijana akasimama. Suruali ilichanika, ngozi ikasalimika. Baadaye mama aliniuliza kwa uchungu, "Mchungaji, huyu mbwa ana roho gani? Mwizi wa kuku anamjua na kumnyamazia, aliyetuletea ada anataka kumla!"

Swali la mama lilikuwa la haki, na jibu lake ni kwamba mbwa yule alikuwa na hofu. Hakujua kama mgeni amekuja na ada au na panga. Alichokiona ni binadamu ambaye umbo lake limebadilika. Kofia ngumu humwongezea mtu kichwa, koti la mvua huficha mikono, magongo humpa mtu miguu minne, na mwavuli hufunguka ghafla mbele ya macho. Sisi tunajua kwamba ndani ya vitu hivyo yumo mtu. Mbwa ambaye hakufundishwa hajui, na kwa kuwa hawezi kuuliza, anaamua kushambulia kabla ya kushambuliwa. Wengi wetu tukiona meno tunafikiri ni ukatili. Mara nyingi sana ni woga.

Woga huu una umri wake wa kuanzia. Mtoto wa mbwa hujifunza kuwazoea viumbe wengine hasa kati ya wiki ya 3 na wiki ya 12 hadi 14 ya maisha yake. Mwaka 1961 watafiti Freedman, King na Elliot walichapisha matokeo ya jaribio lililofanyika Bar Harbor, jimbo la Maine, Marekani. Watoto wa mbwa waliachwa wakue ndani ya uwanja uliozungushiwa uzio, bila kuzoeana na watu. Wale waliofikisha wiki 14 hivyo walimkimbia binadamu kama wanyama wa porini, na kuwazoesha watu kukawa kazi kubwa. Sasa tazama miji yetu. Mtoto wa mbwa anazaliwa chini ya ghala, anamjua baba, mama, watoto na mchunga ng'ombe. Miezi inapita. Siku anapokutana na mtu mwenye miwani myeusi, au bibi aliyejifunika shuka mpaka usoni, au bwana afya mwenye koti jeupe, mlango ule wa kujifunza umekwisha kufungwa nusu. Na Nyamwaga ya leo ina wageni wengi. Ndipo yalipo makao makuu ya Halmashauri ya Wilaya ya Tarime, na barabara ya kwenda Nyamongo na Mugumu inapitisha watu wa kila sura na kila vazi.

Mpendwa, je, wewe ulipokuwa mdogo ulionyeshwa watu wa namna gani? Na ni akina nani hukuonyeshwa, hata leo ukiwaona moyo unashtuka?

Najua wapo watakaosema, "Mchungaji, mbwa wa Mkurya akifundishwa upole, ng'ombe atalindwa na nani?" Ni hoja nzito, na siichukulii kirahisi. Mbwa wetu wanalinda zizi dhidi ya fisi na dhidi ya wezi, na wizi wa mifugo umeliza watu wengi katika wilaya zetu hizi za mpakani. Mbwa abweke. Kubweka ndiyo kazi yake, na usiku tunamshukuru Mungu kwa sauti ile. Ninachoomba ni kwamba akiisha kubweka, aweze kumsikia mwenye mji akisema "Basi, acha!" na anyamaze. Mlinzi asiyeweza kuambiwa kwamba huyu ni mgeni wetu ni hatari kwa mkunga anayekuja usiku, kwa mtoto aliyetumwa chumvi, na kwa mzee anayetembelea fimbo.

Baada ya tukio lile, kijana mmoja wa mji ule alichukua fimbo. Nilimwelewa, kwa maana aibu mbele ya mgeni inachoma. Lakini mbwa akipigwa wakati mgeni bado amesimama pale, anachojifunza ni kwamba wenye kofia ngumu wakija, maumivu yanafuata. Kesho atawachukia zaidi. Jambo la pili ni baya kuliko hilo. Kunguruma ni onyo, ndiyo namna ya mbwa kusema, "Naogopa, usinisogelee." Akipigwa kila anapongurumia watu, anaweza kuacha kunguruma huku hofu ikibaki ndani ilivyokuwa, na siku moja akauma bila kutoa sauti. Hata kumfunga kutwa nzima mahali watoto wanapopita wakimtupia mawe humzidishia ukali, maana kila anayepita njiani anakuwa adui wake.

Basi afanyiwe nini? Mama yule alipouliza hivyo nilimweleza njia ambayo wataalamu wa mbwa wanaitumia, nayo haihitaji fedha nyingi. Inahitaji kamba imara, dagaa kidogo, mtu mmoja mwenye moyo wa kusaidia, na uvumilivu. Mbwa ashikwe kamba na mtu anayempenda. Msaidizi avae kofia ile, asimame mbali, mbali kiasi kwamba mbwa anamwona lakini bado anaweza kula. Asimkazie macho, asimnyooshee mkono, ageuke ubavu. Mara mbwa anapomwona, apewe dagaa, mmoja baada ya mwingine. Msaidizi akijificha nyuma ya nyumba, dagaa nao waishe. Mpangilio huu una maana yake: kofia itangulie, utamu ufuate, ili kofia yenyewe ianze kuwa habari njema. Siku nyingine msaidizi asogee hatua chache. Mbwa akikataa kula, akikakamaa, akilambalamba midomo bila chakula au akiingiza mkia katikati ya miguu, anasema tumemsogeza mno. Rudini nyuma, wala msimkemee.

Katikati ya siku hizo kofia iwekwe chini uani, ainuse kwa hiari yake. Watu wa nyumbani wenyewe waivae wakati wa kumpelekea ugali wake, ili ajue kwamba chini ya kofia anaweza kuwamo mtu anayempenda. Na mgeni wa kweli akija kabla mafunzo hayajakamilika, mbwa afungiwe bandani kwanza. Aliyekwisha kuuma mtu asiachwe huru kwa matumaini tu.

Njia hii si ya mbwa peke yao. Mwaka 1924 mwanasaikolojia wa Marekani, Mary Cover Jones, aliandika habari za mtoto mdogo aitwaye Peter aliyekuwa akiogopa sungura. Hakumcheka wala kumlazimisha amshike. Mtoto alipokuwa akila chakula anachokipenda, sungura aliletwa chumbani na kuwekwa mbali. Siku baada ya siku akasogezwa karibu, mpaka Peter akawa anamchezea. Nikiisoma habari ile ninaguswa na uvumilivu wa mwanamke yule. Aliiacha hofu ya mtoto iondoke kwa mwendo wake.

Hapa nitulie kidogo kwa jambo la uhai na kifo. Mbwa aliyekuwa mpole akabadilika ghafla, anauma vitu ovyo, anatokwa na udenda, anatangatanga au sauti yake imebadilika, huyo msimfundishe wala msimkaribie. Mwiteni ofisa mifugo, kwa maana huenda ni kichaa cha mbwa. Aliyeumwa na mbwa yeyote aoshe jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo kwa ajili ya chanjo. Dalili zikishaanza kwa mtu, ugonjwa huu karibu kila mara huua. Jirani zetu wa Serengeti wameusaidia ulimwengu kuuelewa. Watafiti akina Katie Hampson na Sarah Cleaveland walifuatilia mbwa na watu walioumwa, kijiji kwa kijiji, katika wilaya za Serengeti na Ngorongoro. Mwaka 2009 walieleza kwamba mbwa mmoja mwenye kichaa huambukiza wastani wa mbwa mmoja na kidogo tu. Kwa hiyo kuchanja mbwa 70 katika kila 100 kunatosha kuukata mnyororo. Kumpeleka mbwa kwenye chanjo ni kumpenda jirani, na mimi nalihesabu tendo hilo kuwa ibada.

Sasa tuingie ndani zaidi, mpendwa, kwa upole. Simfananishi mtu na mbwa, kwa kuwa mtu ameumbwa kwa mfano wa Mungu. Lakini hofu ya kitu tusichokizoea tunayo sisi pia, na kwetu sisi imeua. Katika Kanda hii ya Ziwa, watu wenye ualbino wamewindwa na kukatwa viungo, na vikongwe wameuawa kwa sababu macho yao ni mekundu, macho yaliyoharibiwa na moshi wa mafiga wakitupikia. Zilikuwepo tamaa na uongo wa waganga, ndiyo, lakini uongo ule ulipata udongo tayari. Ulikuta mioyo iliyokwisha kuamua kwamba asiyefanana nasi si mtu kamili. Waliokaa na watu hao darasani, kanisani na shambani walijua ukweli. Mwaka 2010 wapiga kura wa Lindi Mjini walimchagua Salum Khalfani Barwany, mtu mwenye ualbino, awe mbunge wao. Walimtazama wakaona kiongozi.

Na hapa kwetu? Koo zetu zimepigana kwa ajili ya mipaka na ng'ombe, na mtoto anajua ukoo wa kuogopa kabla hajajua kusoma. Ni nani ukimwona njiani unabana midomo kabla hajakusalimu?

Ninapowaza haya namkumbuka Barnaba. Kitabu cha Matendo ya Mitume, sura ya 9, kinasimulia kwamba Sauli alipofika Yerusalemu baada ya kuokoka, wanafunzi wote walimwogopa. Walikuwa na sababu, maana mtu yule aliwaburuta wenzao gerezani. Barnaba hakuwakemea kwa woga wao, wala hakumsukuma Sauli aingie kwa nguvu. Alimchukua, akasimama naye mbele ya mitume, akaeleza aliyotendewa na Bwana njiani. Waliomwamini Barnaba walipata pa kuanzia. Jamii yoyote yenye hofu inamhitaji mtu wa namna hiyo, anayeaminiwa na pande zote mbili na asiye na haraka.

Kusamehe nako kumo humu. Mwenye mji alimwomba kijana wa mgodini radhi, akalipa suruali, na kijana akakubali. Radhi ile ilikuwa ya kweli kwa sababu ilikuja na malipo, na kwa sababu mbwa alifungwa kamba siku ile ile. Wapo wanaodai kusamehewa huku mbwa wao angali anazurura. Mwenzako ana haki ya kukusamehe na bado akaogopa kupita kwako kwa muda. Mpe muda huo bila kumwita mwenye kinyongo. Nawe uliyeumwa, usijilazimishe kupona kwa siku moja ili uonekane una imani. Pendo la Mungu hutoa hofu, nami naamini hivyo kwa moyo wote, lakini nimeona kwamba kwa wengi wetu huitoa kidogo kidogo, salamu kwa salamu.

Wiki hii, mpendwa, mtafute ofisa mifugo wa kata yako umuulize siku ya chanjo. Usisubiri tarehe 28 Septemba, siku ambayo dunia hukumbuka kichaa cha mbwa. Wakataze watoto kuwarushia mbwa mawe, na uwaeleze kwa nini. Kisha mchague mtu mmoja unayemkwepa kwa sababu ya sura yake, ukoo wake au anakotoka. Msalimu kwa jina lake. Kesho yake msalimu tena.