Leso ya Desdemona

Tangu Othello ya Shakespeare ichezwe mbele ya Mfalme wa Uingereza mwaka 1604, wengi wameibebesha lawama leso moja iliyotariziwa stroberi. Wanaionea. Kilichomuua Desdemona kilianza kabla leso haijadondoka.

Desdemona, binti wa mkubwa mmoja wa Venice, aliolewa kwa siri na Othello, jemadari mweusi aliyempenda mwenyewe. Baba yake aliposhindwa kuivunja ndoa, alimwonya mkwewe kwamba binti aliyemzunguka babaye hashindwi kumzunguka mume. Neno hilo halikupotea. Walipofika Cyprus, Iago, askari aliyekuwa na kinyongo cha kunyimwa cheo, alimnong'oneza Othello hoja ileile. Ujasiri wa mke kumchagua mumewe ukageuzwa kuwa ushahidi dhidi yake.

Ndipo leso ikaanguka. Emilia, mke wa Iago, aliiokota akampa mumewe, naye akaitupa chumbani kwa Cassio, mwanamume aliyedai kuwa ni mpenzi wa Desdemona. Desdemona alipoitafuta huku na huku, Emilia alisema hajui iliko.

Othello alimhoji Emilia, naye akaapa kwamba bibi yake ni mwaminifu. Hakusadikiwa. Kabla ya hapo, mjumbe alipowasili kutoka Venice, Othello alikuwa amemzaba mkewe kofi mbele yake. Mjumbe, ambaye ni jamaa wa bibi huyo, alishtuka na kumsihi Othello ambembeleze. Kisha jioni wakala chakula pamoja, na wageni wakaaga.

Usiku huo, akiwa kitandani, Desdemona aliomba Cassio aitwe aulizwe. Akaomba japo nusu saa ya kuishi. Othello alimnyima vyote, akamziba pumzi. Emilia alipoufichua ukweli, Iago alimchoma kisu. Cassio, mwanamume aliyeshtakiwa pamoja na Desdemona, alibaki hai na kukabidhiwa Cyprus aitawale.

Angalia nani aliaminiwa. Fitina ya Iago ilikubaliwa bila kiapo. Kiapo cha Emilia kilitupwa, na Desdemona alitakiwa akiri tu. Othello alidai ushahidi, lakini alikwenda kuutafuta kwa yule aliyemletea tuhuma. Waswahili husema hasira hasara, ila hapa hasira ilikuja mwisho. Mwanzo ulikuwa ni kuona kwamba neno la mke ni jepesi kuliko la rafiki.

Kwa hiyo, mume akiletewa maneno juu ya mkewe, amuulize mkewe kwanza, na awe tayari kulipokea jibu. Mwenye kujua jambo dogo aliseme mapema, maana Emilia alisema kweli yote wakati wa kumwokoa bibi yake umeshapita. Na mgeni anayeona mwanamke akipigwa asiridhike na pole, akanawa mikono ale. Mjumbe wa Venice alikuwa na cheo, undugu na jioni nzima ya kumtoa Desdemona katika nyumba ile.