KOSA NI LA NDEGE AU LA MWENYE TUNDU?



Wazee walisema fahali wawili hawakai zizi moja. Nasi huwasikia wafuga ndege wakinena vivyo hivyo: "Chiriku wangu huyu ni mkorofi, anawapiga wenziwe." Yafaa tujiulize: kosa ni la ndege, au la aliyemfungia?

Tuwatazame kwanza walio huru. Katika matete ya Mto Kilombero, karibu na Ifakara, wako mnana ambao wataalamu waliwaandika rasmi mwaka 1990, wasiojulikana penginepo duniani ila katika bonde letu hili. Hujenga viota karibu karibu, na kelele zao ni nyingi. Lakini anayeshindwa huruka akaenda kwenye tete jingine, na ugomvi umekwisha.

Sasa mtu akiwatia chiriku wanne katika tundu dogo, wenye chombo kimoja cha mtama na kiota kimoja, aliyeshindwa ataruka kwenda wapi? Hufukuzwa kutwa, hunyofolewa manyoya, hujikunyata chini, hali, na mwisho aweza kufa. Si lazima mshindi awe mkali kuliko mnana wa mtoni. Ila mwenziwe hana njia ya kuondoka. Na njia hiyo hakuifunga ndege, tumeifunga sisi.

Kwa hiyo kazi ya kuleta amani ni yetu. Tundu liwe refu kwa kwenda mbele kuliko kwenda juu, kwa kuwa ndivyo ndege hawa warukavyo. Vyombo vya chakula na maji viwe viwili au zaidi, kila kimoja upande wake, ili mbabe asiweze kuvilinda vyote. Vijiti vya juu viwe na kimo kimoja, maana kila ndege hutaka kulala juu. Viota ama vizidi idadi ya jozi, ama viondolewe kabisa. Na matawi yawekwe, mnyonge apate pa kujificha.

Wengine husema, "Waacheni, watazoeana." Neno hilo lafaa mtoni, halifai tunduni. Wala hatusemi kwamba mkali aachwe kwa sababu tumekwisha kumwelewa. Akizidi kuwaumiza wenziwe, atengwe mara moja katika tundu lake, kwa maana aliye dhaifu hawezi kungoja sisi tumalize kutafuta chanzo. Lakini atengwe bila hasira, wala asiitwe mwovu.

Hata katika nyumba na mabweni ni hivyo. Watu wanane wakiwa katika chumba kimoja, na ndoo moja ya maji, tusianze kwa kuuliza ni nani mgomvi. Tuulize kwanza ni nani asiye na pa kwenda, na ni nani kati yetu awezaye kuongeza ndoo ya pili.