Karata ya Mwisho

 

Ndugu zangu Waislamu, katika safari yetu ya kutoka Mombasa kwenda Kitui tulitua Mtito Andei, mlango wa Makueni, tukaswali Adhuhuri pamoja na jamaa wa hapo. Baada ya swala alinijia kijana wetu mmoja, mzaliwa wa pwani, afanyaye kazi dukani huko. Akanionyesha simu yake, akasema: "Maalim, mimi sichezi patapotea. Nacheza poka, shilingi ishirini ishirini tu, tena kwa hisabu. Je, hii nayo ni kamari?"

Kwa asiyeujua mchezo huo, kila mchezaji hupewa karata mbili za siri, kisha tano hufunuliwa mbele ya wote. Ile ya tano Wazungu wameiita "mto". Ikishafunuliwa, haiji nyingine; imebaki kila mtu kuamua aongeze dau, au alipe, au azitupe karata zake. Hapo ndipo kijana wetu asemapo kuwa akili huishinda bahati. Kama katikati pana shilingi 60, na mwenzake ameongeza 20, yeye atalipa 20 ili apate 80. Basi yafaa alipe akiona atashinda walau mara moja katika tano. Hisabu hiyo ni sahihi, sina ugomvi nayo.

Lakini na tuitazame hiyo karata ya mwisho. Karata zimekwisha, na bahati imekwisha. Aongezaye dau hapo ataka nini? Ikiwa karata zake ni bora, ataka mwenzake aliye duni asijue, alipe. Ikiwa zake ndizo duni, ataka aliye bora aogope, akimbie. La kwanza ni kumla mtu kwa kutojua kwake, na la pili ni kumla kwa uongo. Kijana wetu amekimbia bahati, akaangukia pabaya zaidi!

Atasema kuwa mfanyabiashara naye hubahatisha. Ni kweli. Lakini mchuuzi anunuaye maembe ya Makueni akapata hasara sokoni, mkulima amekwisha lipwa, na mlaji amekula embe lake. Katika poka hapana embe. Tena mwenye mchezo hukata fungu lake katika dau, hata wachezaji wote kwa jumla hutoka na pungufu ya walichoingia nacho.

Ama hoja ya kuwa ni kidogo, Waarabu wa Jahiliya walikuwa na hoja nzuri kuliko hiyo. Walichinja ngamia, wakapiga kura kwa mishale, na nyama wakawapa maskini. Qurani katika Suratul Baqara haikukana kuwa mna manufaa; ilisema dhambi yake ni kubwa kuliko manufaa yake, kisha katika Suratul Maida ikatuamrisha tuiepuke. Na Mtume wetu (S.A.W.), katika Hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim, amemwamuru anayemwambia mwenzake "njoo tucheze kamari" atoe sadaka. Huyo hajaweka hata senti moja, amesema tu.

Tulipofika Kitui tukaona mto wa namna nyingine. Ulikuwa mchanga mtupu, na akina mama wamefukua shimo refu, wanateka maji kwa kata, mmoja akijaza dumu la mwenzake. Nikamkumbuka kijana wa Mtito Andei.

Alikuwa ameniuliza pia afanyeje na zilizomo katika simu. Nilimwambia: mtaji wako uliouweka ni wako, uchukue. Ulichowala watu, kama wajulikana, warudishie. Na kama hawajulikani, wape mafakiri, wala usinuie thawabu ya sadaka, kwani si mali yako. Akahesabu, zikawa shilingi 340 za watu asiowajua. Akanyamaza kitambo, kisha akaniuliza kama mafakiri hao lazima wawe Waislamu. Nikamwambia la, hata jirani yake Mkamba mwenye njaa ana haki ya kupewa.