Nyota Iitwayo Mpingo

Mwaka 2019 Umoja wa Kimataifa wa Wanafalaki ulikubali jina lililopelekwa na Watanzania, nyota moja katika kundi la Nyangumi ikaitwa Mpingo. Jina jema, kuliko ile WASP-71 ya wataalamu! Sayari yake, iizungukayo kwa muda usiotimia siku 3, ikaitwa Tanzanite.

Wachongaji wa Kimakonde waujua mpingo kwa mikono yao. Lakini nyota hiyo, nyeupe yenye kuelekea umanjano, hata mwenye macho makali akisimama kati ya mikorosho ya Naliendele usiku wa giza hataiona. Nuru yake husafiri zaidi ya miaka 1,000 kabla ya kutufikia.

Je, kabla ya 2019 haikuwa na aijuaye? Mzaburi atufundisha kwamba Mungu azijua nyota zote kwa majina. Basi na tuone haya. Yumkini jirani yetu yupo bibi asiyeweza tena kutoka chumbani, nasi msimu wa korosho twampita mlangoni na magunia yetu. Watoto humwita “yule mgonjwa” tu. Jumapili hii, baada ya Misa, wazazi wawapeleke kwake, awaambie mwenyewe aitwaye nani.