Hofu na Imani



Usiku wa kuamkia tarehe 27 Julai 2025, waamini walikuwa wakikesha katika sala huko Komanda, katika jimbo letu la Ituri, kwenye parokia ya Mwenye Heri Anuarite. Waasi wa ADF wakawavamia, wakawaua watu wapatao 40, na watoto miongoni mwao. Tangu hapo wanafunzi wetu wa Shari huuliza: Mwalimu, je, tutakesha tena kanisani?

Tujue kwanza kwamba kuogopa si dhambi. Bwana wetu mwenyewe alihuzunika katika bustani ya Getsemani, wala hakumwacha Baba yake. Tena kujihadhari si kukosa imani: shetani alipomwambia ajitupe kutoka juu ya hekalu, alikataa. Basi tukisali mchana badala ya usiku, hatumkani Mungu. Twamkana tukiacha kusali, au hofu yetu ikigeuka kuwa chuki juu ya kabila la jirani.

Tumtazame Anuarite, somo wa parokia ile. Tarehe 1 Desemba 1964, huko Isiro, alitishwa kwa kifo ili avunje nadhiri yake ya usafi. Moyo wake ulifadhaika, lakini hakukubali; akamsamehe mwuaji wake, kisha akafa.

Basi, wapendwa, tusingoje hofu iishe ndipo tumwendee Mungu. Twende nayo, tuiweke mbele ya altare.

Mwenye Heri Anuarite, utuombee.