Mungu Aliyeombwa Aende Mbali

Siku hizi hapa Tukuyu wahubiri vijana wanatutaka tuache kumwita Mungu Kyala, eti ni jina la mizimu. Waliopita chuoni wanapenda zaidi God, kana kwamba hilo lilishuka mbinguni likiwa limeshaoshwa. Mababu wa Waingereza na Wajerumani walikuwa nalo kabla hawajasikia habari za Yesu, wakiwaitia miungu yao mingi. Wataalamu wengine hulirudisha kwenye shina la kuita, wengine kwenye la kumimina: yule anayemiminiwa sadaka. Babu yangu, aliyetema pombe chini kwa ajili ya wazee wake kabla hajainywa, angewaelewa hao wa pili bila mkalimani.

Kuhusu Kyala, vijana hawajasema uongo. Mwanaanthropolojia Monica Wilson, aliyeishi Rungwe na mumewe Godfrey katika miaka ya 1930, aliandika kwamba Kyala alikuwa mmoja wa mashujaa wa kale, mwenye pango lake la matambiko ufukweni mwa Ziwa Nyasa. Wamisionari, waliofika kuanzia 1891, walilichukua jina hilo wakampa Muumba.

Asili hiyo hainisumbui. Kinachonisumbua ni lile ombi la wazee: walimwomba aondoke. Kyala akisogea karibu, watu huugua, huchanganyikiwa. Basi na aende zake Usangu kwa chifu Merere. Mume wangu ni Mhehe wa Kalenga, na Wahehe ni majirani wa Wasangu; kwao Mungu ni Nguluvi. Nilipomsimulia alicheka sana: "Kumbe, mama, mlikuwa mnamsukumia upande wetu!"

Leo, kwa jina lilelile, tunamwalika kila Jumapili aje, akae nasi, aingie mioyoni. Jina limebaki, ombi limegeuka, na sijasikia mtu akiuliza nani kati yetu na wazee alimjua zaidi. Mimi naomba aje, ndivyo nilivyolelewa. Ila woga wao siuiti ushenzi. Chini ya Sinai, Waisraeli walimsihi Musa aseme nao yeye, Mungu asiseme nao wasije wakafa. Na Petro, alipoona nyavu zimejaa samaki hata zinakatika, alianguka magotini akamwomba Yesu aondoke kwake. Wahubiri wetu wanaisoma sura hiyo ya Luka mara kwa mara, na hakuna aliyewahi kusema Petro alikuwa na mizimu.