Elimu ya Mikono na Swali la Amana

Swali la iwapo kukijua kitu humlazimu mtu kukitunza ni la kale katika falsafa, nalo huzuka upya kila mwalimu wa shule ya msingi anapowatoa wanafunzi darasani na kuwashusha pwani maji yakiwa yamekupwa, ili wajifunze ikolojia kwa kugusa, kupima na kuhesabu. Mwanafalsafa Mskoti David Hume, katika kitabu kikuu alichoanza kukichapisha mwaka 1739, alionyesha kwamba kauli zinazoeleza mambo yalivyo, hata ziwe nyingi namna gani, hazizai zenyewe kauli ya namna yanavyopasa kuwa. Hoja hiyo ni nzito, na haifai kupitwa kwa kudhani kwamba mtoto akishaijua mikoko ataipenda, na akishaipenda ataihifadhi. Mkataji hodari wa boriti huijua mikoko pengine kuliko mwalimu.

Hata hivyo, kinachopatikana kwa mikono si kidogo. Katika Ghuba ya Chwaka, Unguja, mwanafunzi anayelamba jani la mchu, aina mojawapo ya mikoko, huonja chumvi ambayo mti huo umeitoa mwilini mwake. Akilitazama tunda la mkoko tawini huliona limekwisha kuchipua kabla ya kuanguka. Na akitulia kimya humwona kaa akiliburura jani hadi shimoni, ambako hulila, huku shimo lenyewe likipitisha hewa katika tope ambalo bila hivyo lingekosa oksijeni. Baadaye huweka chini fremu ya mraba yenye upande wa mita 1, huhesabu mashimo yaliyomo na kuandika, kisha huirudia kazi hiyo mahali palipokatwa miti kwa ajili ya boriti au kuni za tanuri la chokaa. Hapo ndipo mfumo ikolojia, istilahi iliyoingizwa katika sayansi na Mwingereza Arthur Tansley mwaka 1935 kwa maana ya viumbe hai pamoja na udongo, maji na hewa vinavyotegemeana mahali pamoja, unapoacha kuwa maneno ya kukaririwa kwa ajili ya mtihani.

Pengo alilolionyesha Hume, lakini, bado liko wazi, na kwa jamii za pwani jibu lililo karibu zaidi ni lile la dini. Qur'ani humwita binadamu khalifa, yaani aliyepewa dhamana ya kusimamia ardhi isiyo mali yake, na katika Sura ya 33 hueleza kwamba mbingu, ardhi na milima vilikataa kuibeba amana ambayo binadamu aliibeba. Mafundisho ya namna hii ndiyo yaliyofikishwa kwa wavuvi wa Kisiwa cha Misali, magharibi ya Pemba, baada ya kisiwa hicho kutangazwa eneo la hifadhi mwaka 1998. Umuhimu wake kwa hoja hii ni kwamba amana huugeuza mwelekeo wa swali zima: si maarifa yanayozaa wajibu, bali wajibu ndio unaodai maarifa, kwa sababu mwekwa amana asiyejua idadi na hali ya alichokabidhiwa hawezi kukirejesha kamili. Kuhesabu mashimo ya kaa kunakuwa sehemu ya kutimiza amana, wala si maandalizi yake tu. Wasio Waislamu hawatengwi na fikra hii, kwani Kitabu cha Mwanzo humweka mtu bustanini ailime na kuitunza, na Azimio la Arusha la mwaka 1961 kuhusu wanyamapori, lililotolewa na Nyerere, lilizungumzia dhamana hiyo hiyo kwa lugha ya dola.

Jambo hili huonekana wazi zaidi katika suala la jiwe. Chini ya mawe ya pwani huishi viumbe laini wasiostahimili jua, na mwanafunzi anayeligeuza jiwe ili awahesabu hana budi kulirudisha upande ule ule, la sivyo atakuwa amewaua wale aliokuja kuwajua. Hapo kanuni ya sayansi na kanuni ya maadili ni tendo moja. Somo linaloishia kwa viti vya pweza na makome kukaushwa dirishani hufundisha kinyume cha linachokitamka.

Limebaki suala zito la mtoto ambaye mamake hupikia kuni za mkandaa, aina nyingine ya mikoko. Fiqhi, yaani elimu ya sheria ya Kiislamu, huufungamanisha wajibu na taklifu, ambayo humwangukia mtu mwenye akili timamu aliyebaleghe, ilhali mtoto hufundishwa sala tangu umri wa miaka 7, kabla haijamlazimu, ili aizoee. Kwa kipimo hicho, mtoto anayerudisha jiwe mahali pake yumo katika mazoezi, na ni dhuluma kumtwisha hatia ya msitu uliokatwa. Hatia hiyo, na hesabu yake, ni ya watu wazima na ya mamlaka zilizokabidhiwa msitu huo.